Sakafu Ambayo Phineas Hajaiona

Phineas wa Shirere amewawekea vigae watu wengi wa Kakamega, na kila sakafu anaikumbuka kwa jina la mwenyewe. Moja tu hajawahi kuitia machoni, na ndiyo anayoipenda kuliko zote.

Ni ya Priscah, mama mkwe wake, kule Khayega. Saruji ya chumba chake cha kulala ilikuwa imebanduka karibu na kitanda. Asubuhi moja mama wa watu akajikwaa pale, akaangukia nyonga. Daktari hakuficha: akianguka tena, hatatembea. Ayuma, bintiye, ambaye ni mke wa Phineas, akanunua vigae vya mawe vyenye uso wa kukwaruza, visivyoteleza, akadhani kazi imekwisha. Kumbe bado.

Priscah hakutaka fundi mgeni. "Mtu nisiyemjua mamake hataona ninapolala," alisema. Aliyemwamini ni Phineas, na Phineas ndiye hasa asiyeweza kuingia. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, na chumba chake cha kulala mkwe hakanyagi. Vijana wa mjini hutucheka. Wacheke, wakichoka watanyamaza.

Lakini jambo hilo lilimuuma Phineas. Alipokuja kumposa Ayuma, amevaa koti la kuazima, wajomba walimpima juu hadi chini. Priscah ndiye aliyewaambia, "Tazameni mikono yake. Koti si lake." Sasa mikono hiyohiyo haikuwa na msaada kwake. Wiki nzima alikula ugali bila kujua mboga ni gani.

"Baba Isaiah," Ayuma akamwambia mumewe, "mikono ninayo. Wewe nipe masikio."

Basi Jumamosi Priscah akakalishwa barazani na chai yake. Phineas akaweka kiti nje ya mlango wa chumba, akauelekea ukuta. Ayuma akaingia na nyundo na tindo.

"Sakafu ya zamani usiing'oe," Phineas akasema. "Ikwaruze tu mpaka ulaini wote uishe. Gundi haishiki kitu laini. Halafu gonga kila mahali, nisikie."

Ayuma akagonga. Karibu na kitanda mlio ukabadilika.

"Hapo chini pana uwazi. Bomoa, ujaze saruji. Tutarudi wiki ijayo ikishakauka."

Walirudi. Ayuma akapaka gundi, akaichana kwa mwiko wenye meno, akalaza kigae na kukigonga kwa mpini wa nyundo.

"Kimeshika," akasema Phineas. Cha pili kikagongwa. "Toa."

"Nitoe nini? Kimekaa vizuri."

"Kinalia kama debe tupu. Gundi haijafika pembeni."

Ayuma akanung'unika maneno ambayo mamake, kule barazani, alijifanya hakuyasikia. Kigae kimoja, cha kando ya kitanda, alikitoa mara tatu. Alasiri magoti yake yalikuwa yamevimba, na Phineas alimhurumia. "Ningeweza kupiga hayo magoti mimi, ningepiga," alisema. Alichoruhusiwa kugusa ni mlango tu. Aliupeleka uani akaupunguza chini, kwa kuwa sakafu ilikuwa imeinuka.

Siku ya tatu gundi ikawa imekauka. Priscah akaingia chumbani na fimbo yake. Phineas alikuwa palepale kwenye kiti, uso ukutani. Mama hakutembea kwanza. Aligonga kigae cha mlangoni kwa fimbo, akangoja.

"Kimeshika, mama."

Akagonga kingine. "Kimeshika, mama." Hivyo hivyo, kimoja baada ya kingine, mpaka kando ya kitanda, pale alipoangukia. Hapo akagonga mara mbili.

"Hicho ndicho kilichoshika kuliko vyote, mama. Ayuma alikitoa mara tatu."

Kisha Phineas akasikia fimbo ikiegemezwa ukutani, halafu nyayo, taratibu, bila fimbo, kutoka kitandani hadi mlangoni. Zikasimama nyuma yake.

"Mkwe," Priscah akasema, "usigeuke."

"Sigeuki, mama."

"Nataka kulia kidogo, na sitaki unione."

Phineas akaendelea kuutazama ukuta. Yeye pia hakutaka kuonekana.