Mjane wa Mume Mzima

Nianze na aibu yenyewe, nisije nikaambiwa nimeificha: hapa Kalemie kuna watu ambao hadi leo wakiniona sokoni wananisalimu "Mujane, habari ya asubuhi?", na mume wangu Bruno yuko hai, ana meno yake yote, na bukari (ugali wetu) ya watu wawili anaimaliza peke yake. Jina hilo nilijipa mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu, Jumamosi moja kati ya saa tatu na saa sita. Cheka tu, hata mimi nacheka, ila kuna mahali katikati nikifika sicheki, na mtapaona wenyewe.

Mimi ni katibu wa selile ya chama katika mtaa wetu wa kando ya ziwa. Selile ni wanachama wa mtaa mmoja, basi, na chama chetu ni cha kisoshalisti, maana yake (ndivyo ninavyowaelezea wamama wenzangu wanaoanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani) anayefanya kazi ndiye awe wa kwanza kusema juu ya kazi hiyo, si yule anayekuja na gari lenye vioo vyeusi. Mwaka mzima niligonga milango. Niligonga mpaka mbwa wa mtaa wakaacha kunibwekea. Mmoja ananiuliza fulana ziko wapi, mwingine ananiambia "Nitakuja, Mama Neema, Mungu akipenda", na siku ya mkutano ikifika inaonekana Mungu hakupenda, maana tunabaki watu kumi na mmoja na wawili kati yao wanasinzia.

Na haukuwa mchezo. Uwanja wetu wa kuanikia ndagala, mchanga ule ule walioanikia mama zetu, tajiri mmoja alikuwa amekwisha kuusimikia nguzo za sementi pande tatu, anasema ana karatasi. Sisi tuliandika barua ya kumpinga, lakini barua ya wamama kumi na mmoja, kule ofisini wanafungia karanga. Barua yenye muhuri wa chama wanaisoma. Muhuri hupewa selile iliyotambuliwa, na ili itambuliwe ni lazima mjumbe wa federasio, ofisi ya chama ya mkoa, aje aone watu thelathini kwa macho yake mawili. Asipowaona, selile inafutwa, tunaunganishwa na ile ya katikati ya mji ambayo mkubwa wake huitisha mkutano siku fulana zinapofika tu, na uwanja wetu unakwenda hivyo hivyo tukiutazama.

Mjumbe akatangazwa kuja Jumamosi saa nne. Nikaazima turubai, nikaazima viti vya plastiki kumi na vitano vya kanisa, nikasimika matawi ya mchikichi pande zote mbili za njia hadi mlangoni, kama tunavyofanya mgeni mkubwa akija. Mpaka hapo hakuna kosa. Kosa lilianza na makalio ya mjumbe. Nilivijaribu vile viti kimoja kimoja, nikakuta kimoja kina ufa, nikamwona akilini mjumbe wa federasio ameanguka chali mbele ya wanachama, nikasema hapana, huyu atakaa kwenye fotei, kiti kikubwa cha sebuleni. Na fotei moja peke yake nje ilionekana kama imefukuzwa, basi nikazitoa zote nne, na meza ndogo, na kitambaa chake, salon, sebule yangu, ikabaki tupu, nikatandika mikeka kwa ajili ya wamama ambao hawatapata viti.

(Wewe wa hapa kwetu umekwisha kuelewa. Ngoja nimweleze mgeni.) Kwetu mtu akifa, kitu cha kwanza ni kumwaga salon: fotei zinatoka nje, wanawake wanakaa chini kwenye mikeka, wanaume wanakaa nje chini ya turubai, na matawi yanawekwa njiani ili watu wajue pa kuingilia. Mimi, mzaliwa wa Kalemie, niliyelia katika matanga nisiyoweza kuyahesabu, nilipanga matanga kamili mbele ya nyumba yangu mwenyewe, halafu nikaenda nyuma kuwasha moto wa kupikia mgeni. Na mume wangu ni fundi umeme kule Bendera, kwenye mtambo wa umeme, hurudi nyumbani baada ya wiki mbili mbili, kwa hiyo mtaa mzima ulijua kwamba hayupo.

Kuni zilikuwa mbichi. Nilipotoka mbele karibu saa nne macho yangu yalikuwa mekundu, kitambaa cha kichwa nimekivua kwa sababu ya joto, nikakuta ua wangu umejaa. Nawaambia umejaa: wamama kwenye mikeka, wanaume chini ya turubai, na wengine bado wanaingia kati ya matawi, kimya, kwa heshima, huyu na kifuko cha makala, yaani mkaa, yule na unga. Mimi nikaona nini? Nikaona mwaka wangu wa kugonga milango umezaa. Nikasema moyoni, leo njo leo, hata chakula wamejiletea, huu ndio usoshalisti wenyewe.

Mama Sifa, jirani yangu wa ng'ambo ya njia, akanikumbatia akiwa amelowa machozi.

"Papa Neema alikuwa muntu muzuri sana," akasema.

"Alikuwa?"

"Nilipoona fotei zinatoka, nilijua tu. Ilikuwa nini, kuranti ya umeme ilimukamata?"

Hapo ndipo nilipogeuka nikatazama fotei zangu nne, nikatazama matawi, nikatazama mikeka, nikaelewa. Nikamvuta Mama Sifa pembeni nikamwambia hakuna mtu aliyekufa, ni mkutano wa chama. Akajifuta machozi. "Basi uwaambie sasa hivi," akasema. Nikafungua mdomo niwaambie, naapa nilikwisha kuufungua, na pikipiki ya mjumbe ikasimama mlangoni.

Uamuzi mdogo wa fotei nilikwisha kuufanya. Huu wa pili nao ulikuwa mdogo: nikaufunga mdomo. Nikasema ni nusu saa tu, awaone, awahesabu, aandike, aende, halafu nitawaambia watu polepole, nitawaomba msamaha, nitawapa chai. Mama Sifa akaziba uso kwa mikono yake, sijui analia au anacheka.

Mjumbe alikuwa kijana mwenye miwani na mkoba, mpole. Aliwatazama wale watu wenye huzuni akaguswa. "Komrade, nilitembea selile nyingi," akaniambia kwa sauti ya chini, "kwingine wanapiga makofi bila kusikia. Hawa wako na uchungu wa kweli." Nikamjibu kwamba uchungu upo. Akatoa kalamu akaanza kupita kati ya mikeka akihesabu vichwa, na watu wakadhani ni delege, mjumbe wa kampuni ya umeme aliyetumwa kutoka Bendera kuandika majina ya familia, wakainamisha vichwa vizuri ili ahesabu.

Alikuwa amefika sabini na kitu niliposikia sauti njiani.

Ilikuwa sauti ya mama mkwe wangu, Mama Feza, mama yake Bruno. Habari ilikuwa imemfikia kule anakokaa, upande wa pili wa mji, amejaribu simu ya mwanawe haipiti, akatoka bila viatu. Mwanamke yule ana miaka sabini. Alifika kwenye matawi akaanguka chini, akajiviringisha mchangani, anaita, "Yoo, mutoto yangu, Bruno yangu, uliniacha na nani." Na mjumbe alikuwa amebakiza mkeka mmoja na safu moja ya viti.

Hapa ndipo sicheki. Nilisimama. Nilimwona mama wa mume wangu anajipiga kifua kwa ajili ya mtoto aliye hai, neno moja langu lilitosha kumnyanyua, nami nikamngoja mjumbe amalize ile safu ya viti. Sikumngoja sana, labda pumzi kumi. Akaandika mia moja na tisa, akapiga mstari chini yake. Pumzi kumi hizo ninazo mpaka leo, na sitaki mtu anifariji juu yake.

Mjumbe akasimama mbele, akakohoa, akasema federasio inataka kusikia wanamtaa wenyewe, shida yao ni nini. Papa Kisimba, mzee aliyestaafu reli, akainuka na kofia mkononi.

"Papa Delege, asante kwa kuja. Sisi tunataka kujua kitu moja tu. Maiti itafika saa ngapi?"

"Maiti gani?" mjumbe akauliza.

Nikatoka mbio katikati nikapaza sauti, "Bruno hakufa. Yuko muzima. Huu ni mukutano ya chama." Mnadhani walishtuka? Walinionea huruma. Nikasikia mama mmoja anasema, "Uchungu imemupanda mu kichwa, mumushike," na wanawake wanne wenye nguvu wakanishika, wakanikalisha kwenye mkeka, wa tano akanimwagia ndoo ya maji kichwani. Kadiri nilivyozidi kusema Bruno yuko hai ndivyo walivyozidi kunikaza. Nilimwita Mama Sifa anishuhudie, akasema "Njo vile, ni mukutano," wakamwambia naye akae chini, apewe maji.

Simu ndiyo iliyoniokoa, kama huko ni kuokolewa. Waliniachia mkono mmoja, nikapiga, haikupita, nikapiga, haikupita, mara ya tatu ikaita, nikaifungulia sauti ili wote wasikie.

"Allo," Bruno akasema, mdomo umejaa. "Niko nakula. Iko nini?"

Mama Feza akaja kwa magoti mpaka kwenye simu. "Bruno?" "Ni mimi, Mama. Mbona unalia? Nani alikufa?" Alimsikiliza mwanawe akiuliza vile mara mbili, akainuka, akajikung'uta mchanga, akanizaba kofi ambalo hata Bruno alilisikia huko Bendera, kwa sababu aliuliza hilo nalo lilikuwa nini.

Basi, mkutano ukageuka. Wengine walicheka mpaka wakashika matumbo, lakini wengi walikasirika, na haki yao. Wakaanza kuokota makala yao na unga wao. Papa Kisimba akasema kifo hakichezewi. Mjumbe aliichana ile karatasi ya mia moja na tisa vipande vinne, akafunga mkoba. Nilikuwa nimelowa, shavu linawaka, na nikaona kabisa selile inakwisha na uwanja unakwenda. Nadhani mwanamke mwenye akili angeingia ndani na kufunga mlango. Mimi hasira ilinipanda.

"Mama, nilikukosea, unaweza kuongeza kofi ingine," nikamwambia Mama Feza. Halafu nikawageukia wengine. "Na ninyi niliwakosea. Lakini mimi nilikuja kwa kila mulango yenu mwaka muzima, nikawaomba saa moja tu juu ya uwanja, mukaniambia hamuna wakati. Leo muliona fotei inje, mukakuja watu mia, na makala, bila kuitwa. Kwa mufu muko na wakati. Uwanja ikifungwa, watoto watakula nini? Mutawaletea makala? Mwenye kwenda, aende. Mimi nabaki hapa, na maji yenu kichwani."

Watu wengi wakaenda. Ningetamani kuwaambia hapa kwamba waligeuka wote wakarudi, lakini hawakurudi. Wale kumi na mmoja wangu walibaki, akabaki Mama Sifa, wakabaki wamama kadhaa ambao mapipa yao ya kuwekea ndagala yako karibu kabisa na zile nguzo za sementi. Papa Kisimba alifika mlangoni, akageuka, akarudi akakaa. Mjumbe akafungua mkoba tena, akahesabu upya. Ishirini na sita.

"Mimi sijahesabiwa," sauti ikasema.

Ilikuwa ya Mama Feza. Alikuwa amekaa kwenye fotei ya mjumbe, miguu imejaa mchanga.

"Pale nilianika ndagala tangu Bruno akiwa mugongoni," akamwambia mjumbe. "Andika jina yangu. Na huyu," akanionyesha kwa kidevu bila kunitazama, "umuambie asinisemeshe."

"Ni ishirini na saba, komrade," mjumbe akaniambia. "Siwezi kuandika makumi tatu."

"Andika ishirini na saba," nikamwambia. "Leo nimedanganya ya kutosha."

Akatupa miezi mitatu. Katika miezi hiyo niligonga tena milango ile ile, safari hii nikichekwa kwanza kila mlango ("Mujane, leo umemuzika nani?"), na kabla sijasema neno naombwa nisimulie, nami nasimulia, nikimaliza kusimulia nawauliza kuhusu uwanja. Mjumbe aliporudi alikuta watu thelathini na wanne, wote wanajua wamekuja kufanya nini. Muhuri tunao. Barua imepokelewa na kusainiwa. Nguzo bado zimesimama, tajiri ana karatasi yake na sisi tuna yetu, na kila asubuhi tunaanika katikati ya nguzo zake, aje atutoe.

Mimi nimeapa kwamba sitaongeza kichwa hata kimoja kwenye hesabu ya chama kwa machozi ya mtu. Tukiwa tisa, nitaandika tisa. Aibu nimeipata na nimeibeba, lakini anayedhani nitaacha kazi kwa ajili ya aibu hanijui.

Mama Feza akija nyumbani kwangu bado hanisemeshi. Akitaka chumvi, anamwambia mjukuu wake aniambie. Ila mkutanoni hukaa mbele kabisa, na nikichelewa kufungua, anagonga ardhi kwa fimbo yake na kusema mbele ya watu wote, "Katibu, tuko tunangojea." Nami naitika, "Ndiyo, komrade," na ninaanza.