Maji Aliyoyameza Nyanya Loise

Mama yangu, Wakio, alikuwa kiguu na njia. Nasema hivyo kwa mapenzi, ila na hasira kidogo imo, maana mimi ndiye niliyeachwa nyumbani. Huko kwetu juu Sagalla ukimtuma mtu kisimani hurudi na maji. Mama alirudi na maji, na habari za nani anaezeka nyumba ng'ambo ya mlima, na mbuzi wa nani kazaa mapacha. Kukaa kitako kulimchosha kuliko kulima.

Ugonjwa wenyewe ulizidi alipoajiriwa kufua mashuka katika hoteli moja ya watalii kule Voi. Huko aliwaona vijana wa Kizungu, mtu na mkewe, wakipita na mabegi makubwa mgongoni. Hawana msiba, hawana harusi, hawana cha kuuza. Wanatembea tu, wanatazama, wanaondoka. Wawili kati yao waliacha begi lililochanika, mama akaliokota akalishona kwa uzi wa gunia. Tangu siku hiyo hakulala vizuri.

Asubuhi za mwanzo wa mwaka, hewa ikiwa safi, tuliweza kuuona Kilimanjaro kutoka uwanjani kwetu, mbali kabisa, mweupe kichwani. Mama alikuwa akisimama na ufagio mkononi, anautazama ule mlima.

"Baba Mable, nataka nikauone kwa karibu," akasema.

"Si huo hapo unauona?" baba akajibu. Baba yangu, Donald, alifanya kazi relini Voi, akiangalia treni zikienda. Yeye mwenyewe hakuwa na haja ya kwenda popote. Lakini alikuwa na pasi ya treni, na alimpenda mke wake, na hayo mawili yalitosha kumponza.

Kisingizio kilikuwa mimi. Nilikuwa nakaribia miaka miwili na bado nanyonya, na kwetu mtoto wa kuachishwa ziwa huachwa kwa nyanya yake siku kadhaa ili asahau. Nyanya Loise, mama yake baba, alinipokea bila neno. Ila alipoliona lile begi, akauliza wanakwenda kumzika nani.

"Hatuendi kuzika mtu, Mao. Tunakwenda kutembea," mama akajibu; Mao ndiyo mama kwa lugha ya kwetu.

"Kutembea kwa nani?"

"Kwa nobody, Mao. Kuona tu."

Nyanya akalipa begi mgongo, na nyanya akitoa mgongo nyumba nzima hujua.

Kwetu mtu haendi safari ya mbali bila mzazi kumtasia. Mzazi hujaza maji mdomoni, akayapuliza kwa nguvu, kisha akatamka maneno ya heri. Maji yakitoka, hasira iliyokuwa moyoni hutoka nayo, msafiri akaenda salama. Nyanya alikuwa mtu wa kanisa, hakukosa ibada hata siku ya mvua, lakini jambo hilo hakuliacha, na pasta alijua akajifanya hajui.

Basi asubuhi ya kuondoka wakasimama mbele yake mlangoni. Nyanya akachukua kikombe, akajaza mdomo. Akamtazama mama na lile begi mgongoni. Halafu koo lake likapanda na kushuka. Aliyameza.

"Maji ni machache," akasema, akaingia ndani nami mgongoni.

Baba hapo hapo alitaka kuvua viatu asiende. Mama akamshika mkono. "Treni haingojei koo la mtu," akamwambia. Mdomo wa mama yangu huo.

Walilala Taveta kwa binamu yake baba, na asubuhi wakavuka mpaka kuingia Tanzania kwa lori lililokuwa likienda Marangu kuchukua ndizi. Huko mambo yakaanza kwenda upande. Kwanza mlima haukuwapo. Mawingu yalikuwa yameushukia mpaka kwenye migomba, na mama akazunguka barabara hii na ile akinyoosha shingo. Pili, kila aliyekutana nao aliuliza swali moja.

"Mnauza nini?"

"Hatuuzi kitu. Tunatembea tu."

Hakuna aliyeamini. Mwanamke mmoja alimfuata mama hadi darajani akimsihi amfungulie tu begi, kama ni vitenge aone rangi. Baba aliona aibu. Kila jiwe alilojikwaa, alisema ni yale maji. Unyoya wa kuku ukimwangukia begani, ni yale maji.

"Wacha basi! Mama yako si mvua, akikasirika huku isinyeshe," mama akafoka. Lakini ananiambia kwamba tangu Voi maziwa yalikuwa yamemjaa yakimuuma hadi kanga ya kifuani ikalowa. Alitembea upesi ili asiyasikie.

Ndipo wakafika penye mfereji. Maji maangavu yalikuwa yakikimbia kandokando ya njia, manene kama mkono wa mwanamume, na hapakuwa na ndoo, wala foleni, wala mtu. Mama akasimama. Mtu wa Sagalla anaweza kuvumilia mengi, lakini si hilo.

"Baba Mable, kuna kitu kimepasuka hapa! Watu wa huku wamelala? Ona maji yanavyopotea!"

Akatupa begi chini, akapandisha kanga, akaingia. Baba naye, aliyekuwa akinung'unika siku nzima, akasahau kunung'unika, akaanza kumletea mawe. Wakaziba kwa mawe, udongo na majani ya migomba, wakaziba sawasawa, kazi ya watu wanaojua thamani ya wanachokiokoa. Baba anasema huo ndio wakati pekee alioifurahia ile safari.

Hawakumaliza kujipongeza kabla mwanamke mmoja hajapanda mbio kutoka shambani na jembe mkononi. Aliitwa Mama Ndeshi, na maji hayo hayakuwa yakipotea. Yalikuwa yakienda kwake. Watu wa pale hugawana mfereji kwa zamu, na zamu yake ilikuwa imeanza sasa hivi.

"Nani ameziba maji yangu?"

Mama, matope hadi magotini, akajibu kwa ukali uleule: "Ni mimi! Yalikuwa yanamwagika bure!"

Mama Ndeshi akamtazama, akalitazama lile boma la mawe. "Kwani nyie mnatoka wapi?"

"Sagalla. Kwetu maji hayajipitii tu hivi."

Yule mama alicheka hadi akaliegemea jembe. Wakabomoa pamoja, kisha akawakaribisha kwake wakanawe na kula ndizi. Na walipokuwa wakila, redio ya mumewe iliyokuwa dirishani ikasema kwamba mpaka na Kenya umefungwa.

Ilikuwa Februari, sabini na saba. Hakuna aliyekuwa amewaambia watu wa kawaida kwamba wakubwa wamegombana kiasi hicho. Baba akaweka ndizi chini.

"Nilijua," akasema. "Aliyameza."

 Mama safari hii alijishika kifua kilicholowa, akaanza kulia kwa sauti mbele ya watu asiowajua. Mtoto wake alikuwa upande wa pili. Nafurahi kwamba alilia. Nimemwambia hivyo.

Kisha akajifuta uso akamwomba Mama Ndeshi galoni ya plastiki. Akaijaza pale mfereji ulipoanzia shambani, akaitia ndani ya begi.

"Wewe, tunakimbia, unachukua maji ya nini?" baba akauliza.

"Mama yako alisema maji ni machache. Nampelekea."

Wakateremka kwa lori, baba akiwa amelikumbatia lile begi zito. Baba anaapa kwamba kufika chini mawingu yalifunguka nyuma yao, mlima ukatokea wote, na mama hakugeuka. Mama anasema aligeuka. Mimi namwamini baba.

Mpakani kizuizi kilikuwa kimeshushwa, magari yamezuiwa, watu wanazozana na askari. Kwa bahati walimpata Syombua, mwanamke wa Mata, upande wa Kenya, aliyekuwa amevuka kununua mbegu, naye akiwahi watoto. Akawaambia wamfuate wakae kimya. Wakashika kinjia cha katikati ya mahindi, jua likielekea kuzama, na karibu na mwisho wake mgambo mmoja akatokea mbele yao na fimbo.

"Simama! Mnauza nini?"

Baba akalikumbatia begi kwa nguvu zaidi. Mgambo akafungua begi mwenyewe. Akatoa sweta. Akatoa galoni, akafungua kifuniko, akanusa akitarajia pombe au mafuta. Akaonja. Akaonja tena.

"Haya ni maji."

"Ndiyo, afande," mama akasema. "Ya mama mkwe."

Yule mgambo akawatazama mmoja mmoja. Nadhani alikuwa amekamata sukari na sabuni mchana huo, lakini watu wanaotorosha maji hakufundishwa wafanywe nini. Akafunga kifuniko. "Piteni," akasema, "kabla sijabadili mawazo."

Kesho yake treni iliwashusha Voi wakapanda mlima kwa miguu. Mama aliponifungulia mikono, nilimkimbilia nyanya nikajificha kwenye kanga yake. Nilikuwa nimeshaacha kunyonya. Mama ananisimanga kwa hilo mpaka leo, kana kwamba si yeye aliyeondoka.

Nyanya hakuuliza habari za mpaka, ingawa redio ya jirani ilikuwa imemwambia na macho yake yalikuwa mekundu. Mama akamimina yale maji kikombeni, akampa kwa mikono miwili. Nyanya akajaza mdomo. Wakangoja.

Akameza.

Baba akainamisha kichwa.

"Matamu," nyanya akasema. "Ngojeni." Akajaza tena, na safari hii akayapuliza yote, juu ya mama, juu ya baba, juu ya begi, juu yangu. "Moyo wangu umetulia," akatamka. "Wako, Wakio, sijui utatulia lini."

Haukutulia. Begi lilining'inia ukutani miaka yote ambayo mpaka ulifungwa, na mama hakulipita bila kuligusa. Nilikuwa msichana wa shule siku redio ilipotangaza kwamba umefunguliwa. Mama akaacha kupepeta mahindi, akaenda kulitungua begi. Alipogeuka, nyanya alikuwa amesimama mlangoni na kikombe kitupu mkononi, mashavu yamejaa, anangoja tu mama alivae.