Uwesu na Vitabu vya Watu Warukao

Nikivikumbuka vile vitabu vya katuni hucheka peke yangu, kisha hasira hunipanda. Mwanamume mzima, kifua kama kabati, kavaa chupi juu ya suruali, na mji mzima unamshangilia! Angethubutu kupita hivyo Mtaa wa Kongo, angefika Msimbazi kafungwa kamba na watu wanaulizana ndugu zake wako wapi. Halafu anajifunga kitambaa machoni, basi, mchumba wake wanayefanya naye kazi chumba kimoja hamtambui tena. Kwetu mpangaji alitambuliwa kwa kikohozi chake, tena kutoka chumba cha pili. Na hakuna kitabu hata kimoja ambamo shujaa alipanga foleni ya sukari. Ndiyo maana alipata muda wa kuokoa watu.

Vitabu hivyo vilikuwa vya Uwesu, mpangaji mwenzangu, mtu wa Masasi, mwembamba, mwenye shingo ndefu. Alivikusanya bandarini enzi alipokuwa kuli. Mabaharia wakishavisoma walivitupa, yeye akaviokota. Bandarini walipompunguza kazini, alirudi nyumbani na gunia la katuni begani. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji, alisoma picha. Kila alasiri alikaa barazani, akashika kitabu kifuani ili picha ziwatazame watu, akasimulia kwa sauti zote: ya shujaa, ya jambazi, ya mama anayelia. Shujaa mkuu alimwita Bwana Radi, na Bwana Radi wa Uwesu akikasirika alitukana kwa Kimakua. Watu walimpa walichokuwa nacho: sigara, kipande cha sabuni, muhogo wa kukaanga kutoka kwenye karai la Selina jirani yetu. Kilichopungua alikileta mkewe, Sitara, aliyefua nguo za watu.

Msikilizaji wa kwanza kufika kila siku alikuwa Melkiori, balozi wetu wa nyumba kumi, Mchaga mmoja mnene aliyekuja na kigoda chake mwenyewe. Alicheka mpaka akashika mbavu. Jumapili, kwenye mkutano wa tawi la chama, alisimama akatuambia katuni za kigeni ni kasumba, zinapumbaza wafanyakazi. Jumatatu alirudi na kigoda.

Ikaja operesheni ya kuwaondoa mjini wasio na kazi. Ukikutwa huna kitambulisho cha kazi, unapandishwa lori, unapelekwa kijijini kulima. Sitara alimwambia mumewe wazi, bila kuzunguka: "Mimi jembe nililiacha Masasi, na silirudii. Wakikuchukua, unaenda peke yako." Uwesu alimpenda mwanamke yule kupita kiasi, alikuwa hali chakula mpaka Sitara akae. Basi akaenda kwa Melkiori, maana balozi akikuandikia kwamba unajishughulisha, mgambo walikuacha.

"Shikamoo, Mzee Balozi."

"Marahaba, Ndugu Uwesu. Kaa."

"Mzee, niandikie kwamba nina kazi."

"Kazi gani?"

"Si hii unayoiona kila siku? Kusimulia."

Melkiori akacheka. "Niandike kwamba kazi yako ni Wazungu wanaovaa chupi juu ya suruali? Wataniuliza mimi nilijuaje."

"Basi andika nauza muhogo. Selina amekubali niwe msaidizi wake."

"Unataka kiongozi wa chama adanganye?" Alikasirika kweli. Uwesu akainuka aondoke. Ndipo yule mzee akamshika mkono. "Ngoja kwanza. Bwana Radi alitokaje kwenye lile pango?"

Na Uwesu, kwa uzuzu wake, akakaa tena akamsimulia mpaka mwisho. Alidhani mtu akishafurahi hubadilisha moyo.

Mgambo walimkamata Mchikichini, kwenye marobota ya mitumba, akiomba kibarua cha kubeba mizigo. Yaani alikamatwa kwa kutokuwa na kazi huku akitafuta kazi. Lori lilikuwa limesimama kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Mimi nilikuwa kiwandani, haya yaliyofuata nimeyapata kwa Sitara, na Sitara haongezi chumvi.

Habari zilipofika mtaani, baraza zima lilikwenda kutazama. Sitara alikimbia mbele, mikono bado ina povu. Uwesu alipowaona wale watu aliowachekesha miaka yote, alishika ubao wa lori akapiga kelele: "Jamani, semeni! Semeni mnanijua!"

Shaibu fundi viatu, ambaye hakuwahi kukosa hadithi hata siku moja, akajibu: "Mwite Bwana Radi!"

Walicheka. Mgambo nao wakacheka. Mwingine akadakia, "Ruka, Uwesu!" na wote wakaanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja: "Ruka! Ruka! Ruka!" Melkiori alikuwa katikati yao. Hakupiga makofi, alikuwa kiongozi, lakini Sitara aliyaona meno yake.

Dereva akawasha gari. Msije mkadhani Uwesu alijiona anaweza kuruka angani, hakuwa mwendawazimu. Alimtazama mkewe anakimbia kando ya lori, akaona mwendo bado mdogo, akapandisha mguu juu ya ubao. Palepale dereva akakanyaga mafuta. Uwesu aliangukia nyonga, na gurudumu la nyuma likampanda mguu. Wako walioshangilia, wakidhani bado ni mchezo.

Hospitali walimtoa akiwa hai, hawakuweza zaidi ya hapo. Melkiori alikuja kumtazama na kijikaratasi chenye mhuri: Uwesu ni kilema, hawezi kulima, asisumbuliwe, aachwe mjini. Alikiandika bila kuombwa, na alitegemea shukrani. Akaipata. Nilikuwepo, nilimsikia Uwesu akisema, "Asante, mzee wangu," nikatamani kumtemea mate mmoja wao, sijui yupi.

Wasikilizaji walirudi barazani, mnadhani waliona haya? Walirudi wote. Bwana Radi hawakumtaka tena, walitaka ile ya lori. Uwesu alikuwa na mke wa kulisha, akawapa. Aliisimulia vizuri, Mungu anisamehe, aliisimulia vizuri kuliko zote: lori linanguruma, mgambo wanakimbizana, yeye anapaa juu ya Mnazi Mmoja huku shati limejaa upepo. Kelele za "Ruka!" aliziacha nje. Katika hadithi yake hakuna aliyesema neno. Shaibu aligaagaa chini kwa kicheko, Melkiori akajifuta machozi kwa kofia.

Hadithi ikiisha, kila mtu alijikung'uta vumbi akaenda kwake. Uwesu alibaki palepale kwenye mkeka, ameshikilia muhogo wa Selina, akimsubiri Sitara amalize kufua aje amwinue, ampeleke chooni.