Kazi ya Winny ya Kusikiliza Ndege

Winny Amolo alipomwambia baba yake kwamba amepata kazi ya kusikiliza ndege, mzee Zedekiah aliuliza kama watu hao wana ofisi. Nairobi hawakuwa nayo. Walikuwa watafiti kwenye kisiwa cha mbali, chenye ndege mdogo wa msituni asiyepatikana kwingine popote duniani. Walikuwa wamefunga vinasa sauti mitini, na kila Jumatatu walimtumia Winny rekodi kwa mtandao. Kazi yake ilikuwa kusikiliza na kuandika dakika ambayo ndege huyo aliimba.

Basi akawa anashinda mezani nyumbani kwao Ziwani, visikizio masikioni, dirisha limefungwa kwa sababu jirani yao Kavindu hufua akiimba. Mwezi wa kwanza hakusikia ila mvua, vyura, na tawi likikwaruza kinasa. Kufikia mwezi wa pili alimjua yule ndege hata akawa anamwiga kwa mluzi akikaanga omena.

Jumamosi moja baba yake, mstaafu wa reli aliyefundisha kwaya ya kanisa miaka thelathini, aliomba asikie naye. Winny akamwekea kipande kutoka bonde ambalo watafiti waliamini limebaki na dume mmoja tu. Mzee akafumba macho. Akaomba kirudiwe. Mara ya tatu mkono wake ukaanza kupunga hewani, kama yuko mbele ya waimbaji wake.

"Huyu hayuko peke yake," alisema. "Mmoja anaanza, wa pili anamalizia. Sikiliza pale anapotakiwa kuvuta pumzi. Havuti."

Winny alisikiliza. Kweli, wimbo haukukatika. Akaandika barua pepe, akafuta sentensi moja aliyoona ina majigambo, akaituma kabla hajaingiwa na woga.

Wiki tatu baadaye jibu likaja na picha: kiota cha nyasi, na kinda ameachama mdomo. Mtafiti aliomba jina kamili la huyo msikilizaji wa pili, waliandike kwenye ripoti.

Mzee aliitazama picha kwa muda, akataka kujua kinda analishwa nini.

"Waambie Zedekiah inaishia na h," alisema. "Watu huisahau."

Jumapili iliyofuata Winny alimngoja nje ya kanisa karibu saa nzima. Kila aliyempa baba yake mkono ilibidi kwanza aonyeshwe simu.