Maneno ya Mama Feza

Kalemie nzima ilimjua Yasmine kwa jina lisilo lake. Kila jioni baada ya habari, televisheni ya mji ilionyesha tamthilia ya ukoo mmoja wenye fitina, na yeye alikuwa Mama Feza, wifi wa mama mwenye nyumba: anaingia, anatupa neno la sumu, anatoka. Hakuwa wa kwanza katika mchezo wala wa pili, lakini sokoni Kataki wauza ndagala walimkazia macho, na mmoja wao alifunika beseni lake alipomwona, kana kwamba jicho la Mama Feza lingeozesha samaki.

Hayo aliyazoea. Lililomtoa jasho lilitokea kwenye mazoezi, mtunzi wa mchezo, Bertin, alipomgawia maneno mapya. "Mwanaume anayejifulia shati, kuna jambo anaficha kwenye kola." Maneno yale yale alikuwa amemwambia mumewe, Jumaa, juma lile lile, uani kwao. Hapakuwa na mgeni. Alikuwapo mama mkwe tu, Mwanamisi, akichagua maharage, na masikio ya Mwanamisi yalikuwa yamekufa zamani.

Alijiambia ni bahati mbaya. Lakini yaliyofuata yalihusu shemeji aliyetoka Kabalo kuja kusalimia, akasahau njia ya kurudi. Hayo nayo alimnong'oneza Jumaa kwenye ugali, akimsema ndugu yake Jumaa aliyekuwa amehamia kwao.

Basi kuna mbebaji, na mbebaji ni nani kama si yule aliyeambiwa? Jumaa alifanya kazi bandarini, kwenye boti za Kigoma. Yasmine akaanza kumuuliza alipita wapi, aliongea na nani. Alimtazama usoni mchezo ukionyeshwa, na kila alipocheka, kicheko hicho kilikuwa ushahidi. Siku alipomwona karibu na daraja la Lukuga akishikana mkono na Bertin, moyo wake ulikata hukumu. Jumaa alisema walisalimiana tu, mji wenyewe mdogo. Yasmine hakuridhika.

Akatega mtego. Alimwita Jumaa ufukweni, mbali na nyumba, akamwambia anataka kuacha mchezo akafanye biashara ya vitenge Kigoma. Kisha akamdokezea Ketsia, rafiki yake aliyekuwa akimpaka rangi usoni kabla ya kurekodi, kwamba ana mimba. Yote mawili yalikuwa uwongo. Akangoja aone lipi litarudi.

Halikurudi hata moja. Bertin alimletea sehemu ambayo Mama Feza yuko jikoni peke yake, anakoroga chungu, anasema: "Hata mimi nachoka kuwa mubaya."

Akaketi. Hayo hakumwambia mtu. Yalimtoka mwenyewe mbele ya moto, na aliyekuwa karibu ni yule ambaye nyumba nzima ilizungumza juu ya kichwa chake kama juu ya ukuta.

Alirudi nyumbani, akakaa mbele ya mama mkwe, akasema bila kuinua sauti: "Mama, maneno ya nyumba yetu, njo wewe unamupelekea Bertin?"

Mwanamisi akaweka ungo wa maharage chini.

"Walitaka kukuzamisha mu ziwa," alisema.

Akaeleza. Mama yake Bertin ni rafiki yake wa siku nyingi. Alipokwenda kumjulia hali, alimsikia Bertin akisema kwamba katika mchezo Mama Feza atakufa maji. Ndiyo, alimsikia, kwa kuwa dawa alizopewa hospitali zilikuwa zimemfungua masikio. Nyumbani alinyamaza, maana tangu aonwe kiziwi hakuna aliyemsumbua na ugomvi wake.

"Bertin alisema ule mwanamuke hana maneno. Nikamupa yako. Wewe uko na mengi."

Yasmine hakujua amshukuru au afungashe vyombo vyake. Alimwomba Jumaa msamaha, naye akamsikiliza hadi mwisho, akasema tu, "Ulinichunguza kama mwizi," akatoka. Zilipita siku kabla hajazungumza naye tena kwa upole.

Mama Feza hakuzama. Sasa anaonekana karibu kila jioni. Bertin ameambiwa wazi kwamba akitaka maneno, amwombe mwenyewe. Shemeji, baada ya kusikia habari zake kwenye televisheni, alipanda treni bila kuaga. Na Mwanamisi sasa huitika akiitwa, hata kwa sauti ndogo. Wanawake hao wawili hupika pamoja vizuri. Ila Yasmine, kabla hajafungua kinywa, huyaonja maneno kwanza kama mtu anayetafuta mwiba ndani ya samaki.