Kulilaza Gari la Mtoto wa Arbab

Juzi nilipita Dubai nikielekea kwingine, nikalala kwa binamu yangu anayekaa Silicon Oasis. Alasiri tulikuwa kibarazani kwake, ghorofa ya nne, mimi nasifia chai, yeye anamsengenya bosi wake, mara nikasikia mngurumo mwembamba na mkali ukitoka kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya majengo. Vijana walikuwa wanakimbiza gari la rimoti. Si haya ya betri yanayopita kimya. Lile lilikuwa la injini, linatoa moshi kama lori. Binamu akasema kelele zile zinamchosha. Mimi nilikuwa nimeshaweka kikombe chini na kusimama, tayari kukimbia, mwanamke mzima mwenye watoto wangu. Ikabidi nimweleze kisa, na wewe nawe, kwa kuwa tumejuana siku nyingi, acha nikueleze.

Katika miaka ya elfu mbili tulikaa Al Ras, upande wa Deira, juu ya ghala la viungo. Ghala lilikuwa la arbab, ndivyo kila mtu alivyomwita bwana mwenye mali. Baba alikuwa mtunza ghala wake, dereva wake, na fundi wa chochote kilichoharibika kwake. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya arbab. Viza ya baba ilitoka kwa arbab, na zetu zilining'inia kwenye ile ya baba. Kwa akili zangu za utoto nilidhani hata lile joto ni mali ya arbab, maana lilikuwa kali na halikuulizwa neno.

Nilipapenda lakini. Asubuhi mahamali walisukuma mikokoteni wakiomba njia kwa lugha tano, harufu ya iliki na mdalasini ikapanda ngazi mpaka kitandani, na sare yangu ya shule ilinukia bizari hata ikitoka kufuliwa. Wenzangu darasani waliniita Pilau. Nilijifanya nimekasirika, ila moyoni nilijiona mtu wa maana.

Arbab alikuwa na mtoto wa kiume, barobaro, na barobaro alikuwa na gari. Lilikuwa lori dogo la kuchezea, magurudumu manene, kubwa kiasi cha kulijaza sanduku la safari. Miezi ya baridi alilikimbiza jangwani na marafiki zake. Joto likiingia, familia nzima ilikwenda Ulaya na gari lililazwa mpaka warudi. Kulilaza ndilo neno la baba. Lilipaswa kusafishwa mpaka kwenye mishipa, kumwagwa mafuta yote yaliyobaki, kutiwa matone ya oili ndani ya injini, kisha kuwekwa juu ya kigogo ili matairi yasibonyee. Ukiliacha na mafuta tumboni, yanavuta unyevu na injini inashika kutu.

Dereva aliyemtangulia baba aliliacha hivyo. Lilipotolewa kabatini injini ilikuwa imeganda. Hakugombezwa. Hakuna aliyempandishia sauti. Viza yake ilipokwisha haikuandikwa tena, basi, akarudi kwao. Baba alikisimulia kisa hicho kwa sauti ya chini, kama anayezungumzia maradhi. Kwa hiyo nyumbani kwetu lile gari halikuwa mchezo hata kidogo. Likiharibika mikononi mwa baba, tunafungasha. Hilo nililijua kabla sijajua jedwali la kuzidisha.

Mwaka ninaousema mama alikuwa amejifungua mdogo wangu, na bibi mzaa mama akaja kutoka Unguja kumlea mzazi hadi arobaini. Alikuja na sheria zake. Uji wa pilipili manga, maji ya moto ya kukandia, mlango wa mzazi usiachwe wazi. Na kila magharibi, adhana ikinyamaza, alitia makaa kwenye chetezo chake cha udongo, akaweka udi, akazunguka nyumba nzima akinong'ona dua, kuanzia mlango wa nje na kumalizia kwa mama na nguo za mtoto. Hakisazwi chumba, wala choo.

Baba alimheshimu mkwewe ile heshima ya kwetu ya zamani. Hakukaa naye kochi moja. Hakumtazama usoni akizungumza naye. Na kumwambia fanya hivi au usifanye vile, hilo halikuwepo kabisa. Akitaka hata redio ipunguzwe alimwambia mama, mama akamwambia bibi. Sasa mama alikuwa ndani na kichanga, amelala usingizi wa waliokesha.

Ilikuwa Alhamisi. Familia ya arbab ilikuwa inasafiri kesho yake, na barobaro alitaka kuliona gari lake likiwa limeshalazwa kabla hajaondoka. Kwa kawaida baba alifanyia kazi juu ya paa, mbali na watu. Siku hiyo upepo wa vumbi ulikuwa umeziba hata jua, na injini iliyofunguliwa haivumilii vumbi. Akatandika magazeti ukumbini, karibu na mlango wa jiko, akaniweka pembeni nishike kifuniko cha kopo lenye skrubu.

Alianza na mswaki mkavu, akakwangua mchanga kwenye vipembe. Akatoa magurudumu. Akachomoa sponji ya kuchujia hewa, nyeusi tititi, akaisafisha. Kisha akamimina mafuta yaliyobaki kwenye bakuli, maji ya rangi ya waridi yenye harufu tamu inayochoma pua. Sehemu kubwa yake ni spiriti, aliniambia, na moto wa spiriti hauonekani. "Ukiona kitambaa kinageuka cheusi chenyewe," alisema, "usikae kutafuta ndimi za moto. Kimbia." Halafu akafungua plagi, injini ikabaki mdomo wazi, akaninyooshea kidole. Tone moja la maji lisifike hapa. Kutu ndiyo iliyomrudisha mwenzake kwao.

Kila baada ya muda aliinua macho dirishani. Tumalize kabla ya magharibi, alisema, na baada ya kidogo akasema tena. Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Angeweza kunyanyuka, akaenda mlangoni kwa bibi na kusema, mama, leo ukumbini usipite. Maneno hayo hayakuweza kumtoka. Akaona afadhali ashindane na mwadhini. Wewe unaweza kucheka. Mimi wakati ule nilikuwa natokwa jasho kwapani, namwona anavyolazimisha skrubu moja iliyogoma, bisibisi inateleza, naye anajifuta paji la uso kwa mkono wa oili.

Adhana ikaanza. Skrubu bado. Adhana ikaisha, na nikasikia kule chumbani kwake bibi anapuliza makaa.

Alitokea na chetezo mkononi, midomo ikienda kwa dua. Nilimwona baba akifungua kinywa na kukifunga. Kisha akafanya alichokizoea: akasimama kwa adabu, macho chini, akijaribu kulisogeza bakuli kwa mguu. Bibi alipomwona mkwewe amesimama kwa ajili yake alifurahi, akamwombea heri, na kwa adabu yake naye akapita kwa mbali kidogo asimbane. Akapita juu ya vitambaa vya kufutia vilivyoloa mafuta. Kaa moja dogo likadondoka.

Hapakuwaka kitu. Taa ya tyubu ilikuwa inang'aa, sakafu ilikuwa vilevile, na bibi anaendelea na dua. Ila hewa juu ya magazeti ikawa inatetemeka, na kitambaa kimoja kikaanza kuwa cheusi ukingoni, kikajikunja. Kisha upindo wa kanga ya bibi. Nikanyoosha kidole. Nyuma ya mlango mmoja tu kutoka pale alikuwa mama na mtoto.

Baba aligeuka mbio. Jikoni kulikuwa na ndoo ya maji iliyojaa, tuliiweka kwa ajili ya siku ambazo bomba hukauka. Aliikamata na kummwagia bibi miguuni, na yote yaliyobaki akayamwaga juu ya magazeti, vitambaa, bakuli, na gari lililokuwa mdomo wazi. Akajaza sufuria, akamwaga tena. Nilimtazama vizuri sana, rafiki yangu, kwa kuwa nilijua maana ya yale maji. Macho yake hayakwenda kwenye gari hata mara moja.

Bibi alisimama amelowa, chetezo kimezimika mkononi. Hakuwa ameona moto wowote. Alichoona ni mkwewe, mtu wa adabu zake, ameingia wazimu. Akasema polepole, "Nimekukosea nini, mwanangu?"

Ndipo baba akamtazama usoni, mara ya kwanza niliyowahi kushuhudia. "Moto, mama," alisema. "Ulikuwa unaungua."

Bibi akainama, akaona nusu ya upindo wa kanga haipo na kifundo cha mguu kimeanza kuvimba na kuwa chekundu. Akakaa palepale majini. Mama akauliza kutoka ndani kuna nini, baba akamjibu kwamba maji yamemwagika. Mimi nilikuwa bado nimeshika kifuniko cha skrubu, na nikalia kwa kwikwi mpaka bibi, aliyeungua yeye, akanibembeleza mimi.

Baada ya bibi kupakwa asali mguuni, baba akalirudia gari. Akaligeuza, maji yakatoka injinini kama kwenye birika. Akalikausha kwa mashine ya mama ya kukaushia nywele, akalitia oili, akaizungusha injini kwa mkono na kusikiliza. Kitu ambacho kingeliponya ni kuliwasha likapata joto, na mafuta hayakuwepo tena. Duka la mafuta yale lilikuwa Al Quoz na lilikuwa limefungwa. Gari lilipopata kung'aa lilipendeza kwa nje kuliko siku zote. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Kesho yake barobaro alilitazama, akamwambia baba ahsante, akakimbilia masanduku yake. Baba angeweza kuondoka na hiyo ahsante. Alikwenda kwa arbab, nami nikiwa nimeng'ang'ania kanzu yake, akamweleza kila kitu kwa Kiarabu chake cha ghalani: udi, moto, maji, injini. Arbab alikuwa na simu sikioni na pasi za familia nzima mkononi. Aliuliza kama mama mzee ni mzima. Kisha akasema, "Khalas, inshallah kheri," yaani basi, yamekwisha, na kuingia garini. Baba alirudi nyumbani akitabasamu, ila usiku wa majira yale ya joto hakulala vizuri, na mimi nilikuwa namsikia.

Walirudi joto lilipopungua. Gari liliwashwa jangwani, likakimbia kidogo, likaganda. Arbab hakugomba, na barobaro alishaanza kupenda pikipiki. Viza ya baba ilipofika mwisho, karani wa ofisi alimwambia kwamba haitaandikwa tena, akasema pole. Gari halikutajwa na mtu yeyote. Tuliondoka Al Ras na masanduku, mdogo wangu anatambaa, na sare yangu ya shule nikampa mtoto wa jirani.

Bibi alikuwa amesharudi Unguja zamani. Ndani ya ndege baba alinishika mkono, akaniambia, "Bibi yako akiuliza, mkataba wangu umekwisha. La gari lisifike masikioni mwake." Mama akaitikia kwa kichwa, na mimi nikaitikia.

Bibi alitupokea kwa vigelegele. Aliwaambia majirani kwamba zile dua zake ndizo zilizomrudishia mwanawe na wajukuu, akalisema hilo miaka yote, kila mgeni akija, baba akiwa amekaa hapohapo. Baba alikuwa anauza vipuri vya baiskeli wakati huo, na siku nyingine duka halikuuza kitu. Kila bibi aliposema hivyo, aliitikia, "Ni kweli, mama." Tangu siku ile ya maji alikuwa anamtazama usoni.

Al Ras yetu haipo tena. Jengo limepakwa rangi upya, wamekaa wengine, ghala limekuwa duka la wageni wanaopiga picha. Baba amezeeka na hataki kulizungumzia. Bibi tulimzika mwaka jana, akiamini mpaka mwisho kwamba alituombea tukarudi. Nimeweza kukueleza haya kwa kuwa hayupo tena wa kuumia nayo, na ningetamani mno awepo, nishindwe kuyasema.