Libaya ya Dada Yangu Furaha

Wakati wetu, sisi tuliokulia mtaa wa Mabanga, nguo haikununuliwa ikiwa tayari. Mama yangu alikuwa mshonaji. Alinyoosha kikwembe, yaani kitenge, kwa pasi ya makaa, kisha akamsimamisha mtu mbele yake ampime. Vijana wa leo wakisikia kipimo wanadhani ni cha malaria! Sisi watoto tulikaa chini ya meza ya mashini, tukila sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga na kuokota mabaki ya kitambaa tutengeneze wanasesere. "Mutapaka nguo za batu mafuta!" Mama alitufokea.

Dada yangu Furaha hakucheza nasi. Mgongo wake ulipinda tangu udogo, bega moja juu, lingine chini, na pumzi yake ilikuwa fupi. Shuleni waliiga mwendo wake. Alipochaguliwa kuimba peke yake kanisani siku ya Pasaka, alisema haendi.

Mama hakumbembeleza. Alimpima upande wa kushoto, akampima wa kulia, kisha akakata libaya, ile blauzi yetu ya kikwembe, kwa vipande virefu vya kutoka begani hadi kiunoni. Hakuna kilicholingana na mwenzake. Alipoviunga, nguo ikamkaa Furaha kama ngozi, mabega yakaonekana sawa. Dada akajigeuza mbele ya kioo, akajigeuza tena.

"Mama, niko sawa na bengine."

Aliimba. Nasikia sauti ile hadi leo.

Mwaka uliofuata, katika mvua nyingi, pumzi ilimwishia. Wamama wa jirani walikuja kumwosha, wakamwambia Mama kwa upole, "Mama Furaha, shona kanzu ya kulegea tu. Mutoto amelala, nani ataona?"

"Mimi njo nitaona," akajibu.

Akakata vipande upya, maana Furaha alikuwa amekonda sana. Tulikaa kando ya ukuta, tukisikiliza mkasi. Alimvalisha mwenyewe. Baada ya mazishi akaiuza mashini.

Siku hizi binti yangu ananunua nguo za kuvutika, zinazomtosha yeye na rafiki zake wote. Nikimwambia asimame nimpime, anacheka. Simlaumu. Mama naishi naye hapa Ndosho, macho yamefifia. Jioni hunipapasa mabega, kwanza moja, kisha lingine, akaniita Furaha.

Nami naitika.